Shemeji anasema mimi ni mtani wake, kwa hiyo ninyamaze?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37. Kwetu ni Usangi, nimeolewa Machame, na tunaishi hapa Moshi mjini ambako nina duka dogo la nguo za watoto karibu na Soko la Mbuyuni. Nakuandikia mapema kabla Desemba haijafika, maana nikichelewa nitajikuta tena nimekaa uani kwa wakwe nikicheka kitu kisichonichekesha.

Mimi ni mnene. Nilipoolewa nilikuwa na kilo 62, leo nina 94, na urefu wangu ni sentimita 160. Uzito ulianza kupanda baada ya mtoto wa kwanza. Nikaanza sindano za uzazi wa mpango, ukapanda tena, na kazi ya dukani ni ya kukaa. Sijifichi. Kioo ninacho nyumbani, sihitaji mtu wa kunitangazia.

Tatizo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Anaishi Dar, kila Desemba anapanda na familia yake, na ndiye mchekeshaji wa ukoo. Sherehe zote maiki anashika yeye. Tangu nianze kunenepa nimekuwa mtaji wake. Nikiingia utasikia, "Fungueni geti lote, Scania inaingia." Nikikaa anakiuliza kiti kama kimeshaandika wosia. Mwaka juzi, kwenye kipaimara cha mtoto wa wifi, alitangaza kwenye spika kwamba safari hii wamechoma ndafu wawili, mmoja wa wageni na mmoja wa "Mpare wetu". Watu kama 300 walicheka. Na mimi nikacheka, Shangazi. Nikainuka nikacheza kidogo, nikajishika tumbo, wakazidi kupiga vigelegele. Usiku ule nililala na gauni nililoshinda nalo. Sikutaka kulivua mbele ya mume wangu.

Ukimwambia, anasema mila iko upande wake: Wachaga na Wapare ni watani, na mtani hanuni. Mama mkwe anamuunga mkono, anasimulia jinsi marehemu baba yake alivyokuwa akitupiana maneno na Wapare wa gulioni mpaka wanaishia kugawana ugoro. Mume wangu naye ananiambia, "Si wanakupenda? Asiyependwa hataniwi." Siku moja akaongeza kwamba huenda maneno hayo yakanisaidia kupungua.

Nimewahi kujaribu kurudisha. Shemeji ana kipara. Alipoanza habari zake za Scania nikamwambia, "Basi washa taa shemeji, hicho kipara peke yake hakitoshi kunionyesha njia." Meza nzima ililipuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Aliinuka akaenda kusimama kwenye gari lake, na jioni mume wangu akaambiwa amwonye mke wake, anamvunjia heshima kaka mkubwa mbele ya watoto.

Yaliyonifanya niandike ni mawili. La kwanza, mwaka huu wakwe wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Tutakuwa na ibada ya shukrani Machame tarehe 27 Desemba, na tumekubaliana kushona sare za kitenge. Wifi mmoja, yule ng'onda ambaye hata upepo unaweza kumchukua, ndiye anayekusanya vipimo kwenye grupu la familia la WhatsApp. Nikaandika vyangu. Dakika haikuisha, shemeji akaandika, "Huyo mnunulieni jora zima, kitakachobaki tutashonea pazia." Ikafuata stika. Alichukua picha yangu ya ile siku ya ndafu, akanikata, akaniandika "Mzigo umefika". Tangu hapo wanaitumia kwa kila jambo. Juzi mtu alitangaza kwamba simenti imefika saiti, stika iliyomjibu ilikuwa mimi.

La pili ni binti yangu wa miaka 11. Naye ana mwili. Shemeji anamwita Bonge Junia. Tangu Februari anavaa sweta la shule kutwa nzima, na jua la Moshi la Februari unalijua. Mwalimu wake ndiye aliyeniambia. Alimuuliza, akajibu anasikia baridi. Wiki iliyopita nikamsikia akimwambia mdogo wake, "Usile sana, watakucheka Machame."

Naomba unijibu bila kunionea huruma. Je, mimi ndiye mwenye roho nyepesi? Maana wengi wananiambia hizi ni stori za kuchangamsha watu tu, na mbona mwenyewe nacheka. Na hiyo tarehe 27, niende au nijifanye mgonjwa?

Mama wa Wawili,
Moshi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo la utani kwa sababu ndilo wanalokuzibia mdomo, na mimi nina haki ya kulisemea. Mimi ni Mchaga wa Old Moshi. Wewe ni Mpare wa Usangi. Ni mtani wangu hata kabla sijakuona sura, na nashangaa ulivyokubali kutumia bando kuniandikia barua ndefu namna hii. Nilidhani Mpare angenibipu.

Haya, na wewe una ruhusa ya kuniambia kwamba siku nikifa wataangusha sarafu ya mia mbili pembeni ya jeneza, wahakikishe kwamba kweli nimekufa na sitanyoosha mkono. Nimelisikia hilo tangu nikiwa mtoto na bado linanichekesha.

Tazama tulichofanya hapo. Nimekuchokoza kwa ubahili wanaosingiziwa Wapare wote, kuanzia mjomba wako hadi mbunge wenu. Wewe umenirudishia kwa uroho wa pesa tunaosingiziwa Wachaga wote. Hakuna aliyebaki peke yake amesimama katikati ya watu. Ndivyo utani wa makabila ulivyo, uwe wetu na ninyi, uwe wa Wanyamwezi na Wazaramo, au wa Wangoni na wale waliopigana nao karne ya 19 kisha wakaishia kuitana watani. Ulizaliwa kwenye vita, biashara na misafara, mahali ambapo watu wangeweza kuuana wakaona afadhali watupiane maneno. Na una masharti yake. Anayetaniwa anarudisha papo hapo, tena kwa nguvu kuliko alivyopigwa, na aliyeanza akinuna ndiye anayeaibika. Halafu unadai kazi. Mtani ndiye anayekuja kwenye msiba wako akaziba njia ya kaburini mpaka apewe chochote, akaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wafiwa wakajikuta wanacheka katikati ya kilio, kisha huyo huyo akachota maji na kushika jembe.

Shemeji yako amechukua leseni ya utani akaendeshea gari lisilohusika. Angekutania makande, ningekwambia vumilia. Angesema ukoo wenu ulidai risiti ya mahari, au kwamba mjomba wako aliuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, ningekwambia mjibu na umzidi. Lakini geti, kiti, ndafu, jora? Hakuna Upare hata kidogo humo. Huo ni mwili wako wewe, na hapo ukumbini hakuna mwingine aliyeulizwa kuhusu wake.

Na ushahidi mkubwa umeuleta mwenyewe, ule wa kipara. Ulirudisha mara moja tu, tena kwa ustadi kuliko yeye (nilicheka peke yangu jikoni, Mungu anisamehe). Kwa utani wa kabila una haki ya kurudisha. Kwa ushemeji, ambao nao kwetu una utani wake, una haki ya pili. Yeye akafanya nini? Akaenda kusimama kwenye gari, kisha akafungua mashtaka kwa mdogo wake. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Siku ile alikiri bila kujua kwamba maneno ya mwili yanauma, na kwamba anajua hivyo. Kwa hiyo swali lako la kwanza nimeshalijibu: roho nyepesi ipo kwenye ukoo huo, ila siyo yako.

Kuhusu kicheko chako. Mtu anayeumizwa mbele za watu hucheka ili jambo lipite haraka. Uko ukweni, maiki iko mkononi mwa kaka mkubwa, watu 300 wanakutazama kwa jicho la "tuone atafanyaje", ulitakiwa ufanye nini? Ulilie kwenye kipaimara cha mtoto wa watu? Atakayekuuliza mbona ulicheka, mwambie ulicheka ili yeye akae chini.

Sasa sitaki uishi ukimwona kila anayetaja mwili wako kuwa adui. Bibi wa Machame akikushika mkono na kusema, "Umenenepa mwanangu, Mungu mkubwa," anakusifu na kumsifu mumeo kwa pamoja. Kwa watu wa umri wake kunenepa ni kula, ni kutunzwa, ni nyumba yenye amani. Na wanaokumbuka miaka ya 80 na 90 wana sababu nyingine. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi hapa nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo kukonda tu kulitosha kumfanya mtu anong'onwe sokoni na kanisani. Aliyenona aliachwa apumue. Mpaka leo nawajua wanawake walioshauriwa na daktari wapungue wakagoma, wakihofia majirani watakavyosema. Kwa hiyo bibi akikusifia mashavu, sema ahsante bibi, uendelee na mtori wako.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mwili wa mtu usitajwe kabisa. Hapa kwetu mwili ni sehemu ya salamu, na hatutaacha leo. Mimi hupima kwa njia nyingine. Mwambie mtu mara moja, taratibu, kwamba neno hilo hulipendi. Anayekupenda atashtuka, pengine ataona aibu, na ataacha. Anayekujibu kwamba huna ucheshi ameshakuonyesha alikuwa anacheka kwa faida ya nani.

Hapo hapo sogea nikuvute sikio. Katika barua yako umemwita wifi yako ng'onda anayeweza kuchukuliwa na upepo. Unaniandikia kwa uchungu kuhusu mtu anayeuchezea mwili wako, na katikati ya uchungu huo ukauchezea wa mwenzio, tena mtu ambaye kosa lake ninaloliona ni kukusanya vipimo vya kitenge. Unajua anachoumwa? Huenda ni vidonda vya tumbo, huenda ni sukari, huenda kazaliwa hivyo na kachoka kuulizwa. Na kwa historia niliyokupa hapo juu, neno la kukonda kwa Mtanzania linaweza kubeba uvumi mzito ambao neno la unene halibebi. Liache. Kisha mpigie simu huyo wifi mzungumze, maana nahisi na yeye ana majina aliyopewa na maiki hiyo hiyo, na mkiwa wawili itakuwa vigumu kuambiwa mna gubu.

Turudi kwa mumeo na hoja yake kwamba kejeli zitakupunguza. Hilo limechunguzwa, na majibu hayamsaidii. Mwaka 2014 watafiti wa University College London walichapisha walichokiona baada ya kuwafuatilia watu karibu 3,000 wa Uingereza, wenye miaka 50 na kuendelea, kwa muda wa miaka minne. Waliosema wanabaguliwa kwa sababu ya uzito waliongezeka karibu kilo moja. Wasiobaguliwa walipungua kidogo. Waingereza hawaijui ndafu, lakini sababu zinaeleweka hata Mbuyuni. Mtu anayechekwa hula akijificha, hula akiwa na mawazo, hukwepa kliniki kwa kuogopa mizani, na hukwepa mazoezi kwa kuogopa macho. Wewe mwenyewe, ukitembea asubuhi, vijana wa bodaboda hapo kijiweni hawakuhesabii hatua? "Mama punguza, mama punguza!" Wanadhani wanatia moyo. Nawajua wanawake wa Majengo na Pasua walioacha kutembea kwa ajili ya sauti hiyo peke yake, wakarudi kukaa.

Kuhusu uzito wenyewe, sitakudanganya ili nikufurahishe. Kwa urefu wako, uzito huanza kuhesabiwa kuwa umezidi ukifika kilo 64, na kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, huanzia karibu kilo 77. Wewe una 94. Hauko peke yako, maana utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 uliwakuta wanawake 28 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Nenda kapime presha na sukari. Mweleze mhudumu kuhusu sindano, kwa sababu ile ya miezi mitatu inajulikana kuwaongezea uzito baadhi ya wanawake, na njia nyingine zipo. Ukiwa na uchovu usioisha au nywele zinakatika, mwombe aangalie na tezi ya shingo. Ila usiiache sindano ghafla kabla hujapewa njia nyingine, nisije nikapokea barua ya Mama wa Watatu. Hayo yote ni mazungumzo yako na mhudumu, mlango umefungwa. Mtu wa tatu hahitajiki, wala maiki.

Binti yako ndiye aliyefanya barua hii niitangulize mbele ya nyingine. Mtoto wa kike wa miaka 10 au 11 mwili wake huweka akiba kabla hajavunja ungo na kurefuka. Wengi huonekana wamejaa mwaka mmoja, mwaka unaofuata wamenyooka kama mihogo. Kwa hiyo shemeji anamcheka mtoto ambaye mwili wake huenda unafanya kazi yake tu. Huko Minnesota, Marekani, watafiti walianza kuwafuatilia vijana wa shule mwishoni mwa miaka ya 1990, wakawarudia baada ya miaka 15. Wasichana waliokuwa wakikejeliwa uzito na watu wa nyumbani kwao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kiribatumbo ukubwani, na wa kula ili wajitulize. Msomee mumeo sentensi hiyo. Anayesema ni stori za kuchangamsha aeleze sweta hilo linamchangamsha nani.

Usimpime uzito mbele ya watu, usimwekee sahani yake tofauti na ya mdogo wake. Kama ni kupunguza soda na maandazi, nyumba nzima ipunguze na mumeo akiwemo. Usianze na habari ya sweta, atakukimbia. Mchukue mkachambue mchele au mpange nguo za dukani, mikono ikiwa na kazi watoto husema. Kisha mwambie waziwazi, "Baba mkubwa amekosea kukuita vile, na tutamwambia." Neno "amekosea" lazima alisikie likitoka kwa mtu mzima. Na jambo moja gumu: siku ile ulipojishika tumbo ukacheza, naye alikuwepo. Alichokiona ni kwamba mwanamke mnene akitaka kukaa na watu analipa kiingilio kwa kujicheka. Usimlipie tena kiingilio hicho.

Sasa Desemba. Nenda. Ukijifanya mgonjwa utakuwa umewapa stika nyingine, na wakwe zako hawajatimiza miaka 50 ya ndoa ili wewe ukae Moshi mjini ukitazama picha kwenye simu. Lakini usiende kabla mumeo hajafanya kazi yake. Huyo ni kaka yake. Kwa desturi zetu mke hatumwi kwenda kumkanya kaka mkubwa wa mume, na ukienda wewe itageuzwa kuwa kesi ya heshima, kama ilivyokuwa kwa kipara. Ampigie simu sasa hivi, shemeji akiwa bado Dar, ametulia, hana watu wa kumchekea. Asimwambie "mke wangu analalamika." Aseme, "Kaka, mimi sitaki. Stika uifute, na mwanangu usimwite tena jina lile." Kaka akianza habari za utani, amjibu kwamba utani wa Wapare aendelee nao mpaka achoke, makande na kesi na ubahili, ila mwili wa mke wake na wa mtoto hapana. Akikataa kuelewa, mumeo apande kwa baba yake. Mzee anayejiandaa kwa ibada ya shukrani hatapenda kusikia mjukuu anaogopa kula nyumbani kwake. Mama mkwe mwacheni kwanza na hadithi zake za ugoro, atafuata mzee akishasema.

Kwenye grupu, andika mara moja tu: "Naomba hiyo stika isitumike tena." Usiongeze maelezo wala kikatuni cha kucheka, na usimjibu atakayeuliza kwa nini. Ndiyo, najua ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kwamba inagusa unyanyasaji wa aina hiyo, na najua ninyi Wapare mkisikia neno sheria mnaanza kutafuta nauli ya mahakamani. Tulia. Uza nguo zako, ng'ombe abaki zizini.

Siku yenyewe, mumeo ahakikishe maiki ina mtu mwingine. MC wa kukodi wapo wengi, na sherehe ya wazee wa namna hiyo inastahili mtu anayejua ratiba. Shemeji apewe nafasi ya kutoa neno la familia akiwa mbele ya mchungaji, tuone kama Scania itapita hapo. Akikutupia neno mezani, usicheke na usirudishe. Mtazame, sema "Shemeji, hilo hapana," kisha mgeukie jirani yako umuulize habari za kahawa mwaka huu. Atajaribu tena, maana amezoea kulipwa kwa kicheko chako, na wengi hapo hucheka kwa sababu wewe ulianza kucheka. Akirudia ya tatu, mumeo, wewe na watoto mnaaga wazee kwa adabu na kuondoka, hata kama ndafu haijakatwa. Mkubaliane hilo kabla hamjapanda gari, ili mkifika pale msianze kutazamana.

Mumeo akikataa kupiga simu hiyo, basi tatizo lako halipo Dar tena, na itabidi uniandikie upya.

Shangazi